Johnny Cash na Wimbo Uleule Baada ya Miaka 45

Enzi za kanda nilinunua mkusanyiko wa vibao vya mwimbaji mmoja mkongwe wa Kimarekani wa muziki wa kantri, kwenye kibanda fulani katikati ya Nairobi. Jalada lilikuwa na picha yake ya ujanani, majina ya nyimbo yalikuwa yaleyale ambayo wazee wetu waliyasubiri redioni, na bei ilikuwa ya chini kiasi cha kumtia shaka mtu mwenye tabia ya kushuku, tabia ambayo wakati huo sikuwa nayo. Nilipoiweka kanda kwenye redio, ubeti wa kwanza haujaisha nilikwisha jua kwamba kuna jambo. Sauti ilikuwa yake na maneno yalikuwa yaleyale, lakini gitaa la utangulizi lilipiga noti zile kama mwanafunzi anayenakili insha ya mwenzake, na pale ambapo mwimbaji alizoea kulivuta neno hadi pumzi imwishie, sasa alilikata mapema na kupita. Ubavuni mwa jalada, kwa herufi ndogo kama punje za ulezi, iliandikwa kwamba nyimbo zote zilikuwa zimerekodiwa upya na msanii mwenyewe. Niliirudisha siku ya pili. Muuzaji alinitazama kwa mshangao usio wa kuigiza, akaniuliza, "Kwani si ni yeye anaimba, ndugu yangu?"

Swali hilo limekaa nami kwa sababu alikuwa na haki nusu. Ni yeye aliyeimba, na hakuna jina lililoghushiwa. Lakini mimi sikwenda kumnunua mtu. Nilikwenda kununua siku, ile siku moja ya ujana wake ambayo mitambo iliinasa. Kiswahili kimeziita nyimbo za namna hiyo zilipendwa, na sisi wa Kenya tumezoea kusema zilizopendwa, na kwa vyovyote vile mapenzi yenyewe yamekwisha kuwekwa katika wakati uliopita. Mwimbaji anayerudi studio uzeeni kuuimba upya wimbo uliompa jina anadai kwamba mapenzi hayo yahamie wakati uliopo. Wengi hawana sababu ya kutosha ya kudai hivyo. Johnny Cash, mwimbaji wa kantri wa Kimarekani, ni mfano unaofundisha zaidi kuliko wengine, kwa kuwa alilifanya jambo hili mara kadhaa katika maisha yake, na kati ya jaribio lake lililodorora na lile lililofaulu kuna umbali ambao hauwezi kuelezwa kwa umri peke yake.

Tuanze na fedha, kwa sababu ndipo wao wenyewe huanzia. Wimbo uliorekodiwa ni mali mbili zilizovaa nguo moja. Kuna utungo, yaani maneno na tuni yake, na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa siku fulani katika chumba fulani. Mtunzi hulipwa kwa utungo wake, ilhali rekodi, kwa desturi ya karne iliyopita, ilikuwa mali ya kampuni iliyogharimia studio, hivyo mwimbaji aliyehama kampuni aliondoka na koo lake na kuziacha nyimbo zake nyuma. Mikataba ilimzuia kuzirekodi tena kwa miaka kadhaa. Miaka hiyo ikipita, hakuna wa kumzuia, kwa kuwa sheria ya Marekani hulinda sauti iliyonaswa lakini hailindi mfano wake: hata ukiiga kila kikohozi cha rekodi ya kwanza, mwenye rekodi hiyo hana la kukudai, mradi mwenye utungo amelipwa. Mlango huo ndio uliopitisha mamia ya mikusanyiko ya bei nafuu iliyouzwa kwenye vituo vya mafuta na kwa matangazo ya televisheni, na nadhani ndio ulioifikisha ile kanda yangu Nairobi.

Cash alianza kurekodi mwaka 1955 mjini Memphis, katika kampuni ya Sun ya Sam Phillips, akahamia Columbia mwaka 1958, na mwaka 1969 Phillips akamuuzia Shelby Singleton kampuni ya Sun pamoja na rekodi zake. Mwaka 1986 Columbia ikaachana naye baada ya miaka karibu 30, naye akaenda Mercury. Hebu tuitazame hali ilivyokuwa: Mercury ilikuwa na mmoja wa waimbaji mashuhuri kuliko wote Marekani, lakini haikuwa na hata wimbo mmoja kati ya zile zilizomfanya mashuhuri, kwa sababu ujana wake wote ulikuwa umegawanywa kati ya wamiliki wawili wengine. Jibu likawa albamu ya mwaka 1988 iliyoitwa Classic Cash, ambayo ndani yake alizirekodi upya nyimbo 20 za zamani. Alikuwa na miaka 56.

Nimeisikiliza albamu hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili, nikitafuta kosa lake liko wapi. Koo halina kosa. Sauti ni nene, imetulia, inafika chini inapotakiwa kufika. Kosa liko katika vitu vilivyoongezwa. Rekodi za kwanza za Memphis zilikuwa za watu watatu: Cash na gitaa lake, Luther Perkins na gitaa la umeme, Marshall Grant na besi. Hapakuwa na mpiga ngoma, kwa hiyo Cash alipitisha kipande cha karatasi katikati ya nyuzi za gitaa ili zitoe mkwaruzo mkavu kama wa ngoma ndogo inayopigwa kwa ufagio. Perkins hakuwa mpigaji hodari wa mbio na madoido. Alizijua noti zake chache, akazipiga moja moja kwa uangalifu wa mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mwangwi wa kanda ulizirudisha sauti hizo kwa kuchelewa kidogo, na hapo ukatokea ule mwendo wa garimoshi ambao hata asiyejua Kiingereza anautambua. Wale watu walikuwa wamepungukiwa, na upungufu ukageuka kuwa mtindo. Mwaka 1988 hapakuwa na kilichopungua: ngoma zipo, vinanda vipo, mng'aro wa studio za miaka ya 1980 umepakwa kila mahali, na Perkins alikuwa amekufa miaka 20 iliyotangulia. Nafasi zote ambazo wimbo ulizitumia kuvuta pumzi zimezibwa.

Asije mtu akadhani nasema kwamba kibao kisiguswe kamwe. Mwaka 1964 Cash alizirudia baadhi ya nyimbo za Sun kwa ajili ya Columbia, kwa sababu ileile ya biashara, na hazikuharibika, ila pia hazikupata jipya. Alikuwa na miaka 32, Perkins na Grant walikuwa bado pembeni yake, nao waliupiga ule muziki kila wiki majukwaani. Tarehe 13 Januari 1968 alikwenda kuimba mbele ya wafungwa katika gereza la Folsom, California, na wimbo alioutunga akiwa kijana, "Folsom Prison Blues", ukapata rekodi mpya ambayo leo watu wengi wanaidhania kuwa ndiyo ya kwanza. Wakati anautunga hakuwa amewahi kutia mguu Folsom. Sasa alikuwa akiuimba mle ndani, akiwaimbia watu ambao wangeweza kumsahihisha. Maneno hayakubadilika, waliobadilika ni wasikilizaji, na hilo lilitosha kuufanya wimbo mzee wa miaka 13 kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa kantri.

Hapo ndipo ninapoweka kipimo changu. Wimbo wa zamani unastahili kurekodiwa upya pale tu ambapo mwimbaji amehama mahali alipokuwa amesimama ndani yake, na akakubali kuhama huko kusikike. Classic Cash haikuwa na kuhama kokote. Mtu wa miaka 56 aliombwa asimame palepale aliposimama kijana wa miaka 23, na akaletewa mapambo ili tusiutambue umri.

Mtu ataniuliza kuhusu Taylor Swift, aliyeanzia katika muziki huohuo mjini Nashville, na ambaye kati ya mwaka 2021 na 2023 alizirekodi upya albamu 4 kwa makusudi zifanane na zile za awali. Ule ulikuwa ugomvi wa mali, na simlaumu: rekodi zake za kwanza ziliuzwa mwaka 2019 akilalamika, naye akatengeneza nyingine za kushindana nazo sokoni, hadi Mei 2025 alipozinunua zile za kwanza zenyewe. Alihitaji ufanano kama silaha. Lakini mtu wa miaka 31 anayejiiga alivyokuwa na miaka 18 bado ana koo lilelile, kwa hiyo kesi yake haitusaidii sana tunapomzungumzia mzee.

Turudi kwa Cash. Mwaka 1957 Sun ilitoa santuri yake yenye "Home of the Blues" upande mmoja na "Give My Love to Rose" upande wa pili. Ule wa kwanza umo katika zile 20 za mwaka 1988. Wa pili alikuja kuutoa tena mwaka 2002, katika albamu ya American IV, aliyoitengeneza na mtayarishaji Rick Rubin, na kwangu mimi hiyo ndiyo rekodi ya kisa hiki kizima.

Wimbo wenyewe ni hadithi fupi. Asubuhi moja msimulizi anamkuta mtu kando ya reli akiwa karibu kukata roho, anapiga magoti, anamsikiliza. Yule mtu ametoka gerezani San Francisco baada ya miaka 10, na alikuwa njiani kurudi Louisiana kwa mkewe Rose na mtoto wao wa kiume. Sasa anamkabidhi mpita njia asiyemjua kila alicho nacho: fedha zake, ili Rose ajinunulie nguo nzuri, ujumbe kwa mtoto kwamba baba yake anajivunia naye, na wosia kwamba mjane atafute mwenzi mwingine, kwa kuwa si vyema aishi peke yake. Mistari ya msimulizi ni michache tu mwanzoni. Baada ya hapo wimbo wote ni maneno ya anayekufa, yakitoka katika kinywa cha mwingine.

Katika rekodi ya mwaka 1957 Cash ana miaka 25, na anayesikika ni mjumbe. Gitaa linatembea kwa hatua za garimoshi, sauti imenyooka, na kifo kinasimuliwa kwa heshima na mtu ambaye mwenyewe ni mzima, ana haraka ya kufikisha salamu. Unamwamini kama unavyomwamini mtu mwema aliyebisha hodi akiwa na bahasha mkononi. Katika rekodi ya mwaka 2002 ana miaka 70 na maradhi ya miaka kadhaa. Mwendo umepunguzwa, magitaa yamekaa kando, na pumzi, ambayo zamani usingeifikiria hata kidogo, imekuwa ala ya ziada: unaisikia ikikusanywa kabla ya mstari, na unaisikia ikiisha kabla mstari haujafika mwisho. Noti za chini ambazo ujanani alizikalia kama kiti sasa anazigusa tu na kuziachilia. Anapomwomba yule bwana asiyemjua amfikishie Rose mapenzi yake, huwezi tena kusema kwamba anamnukuu mtu mwingine. Aliyepiga magoti kando ya reli mwaka 1957 ndiye aliyelala kando ya reli mwaka 2002, na kwa mabadiliko makubwa hivyo hakuhitaji kuongeza ubeti.

Februari 2003 rekodi hiyo ilimpa Cash tuzo ya Grammy ya uimbaji bora wa kiume katika muziki wa kantri, kwa wimbo wa upande wa pili wa santuri ya miaka 45 nyuma. Mei mwaka huohuo mkewe, June Carter, alifariki. Katika wimbo ni mume anayetangulia, na maishani ikawa kinyume. Cash mwenyewe alifariki tarehe 12 Septemba.

Kuna hoja nzito dhidi ya haya ninayoyasema, nami sitaki kuikwepa. Inadaiwa kwamba Rubin, aliyetoka katika rapu na roki na aliyekutana na Cash mwaka 1993, aligundua kwamba udhaifu wa mzee una soko, akauweka maikrofoni karibu na mdomo wake ili tusikie kila mkwaruzo, na kwamba sisi tunaoguswa tunaguswa na cheti cha daktari wala si na wimbo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ukishajua kwamba mtu alifariki mwaka uliofuata, huwezi kujifanya hujui, na katika albamu zile za mwisho zipo nyimbo za watu wengine ambazo nikiwa mkweli naona zinabebwa na uzee wake tu. Kwa huu wa Rose, hata hivyo, nilipata bahati ya jaribio dogo. Nilimsikilizisha mpwa wangu, ambaye Johnny Cash kwake ni jina tu, rekodi zote mbili moja baada ya nyingine bila kumwambia lolote. Ya kwanza ilipita. Ya pili ilipofika katikati, akaondoa macho kwenye simu, akauliza, "Anko, huyu sasa ndiye yule anayekufa?" Hakujua habari ya Grammy wala ya ugonjwa. Alisikia kwamba anayesema amebadilika.

Na kama kipimo changu kingekuwa sauti iliyochakaa, basi Loretta Lynn, mwimbaji mwingine mkongwe wa kantri, angekivunja mara moja. Alizaliwa mwaka 1932, mwaka uleule wa Cash, huko Butcher Hollow, Kentucky, na kuanzia mwaka 2007 alikuwa akienda Hendersonville, Tennessee, kwenye kibanda cha magogo kilichomo katika ardhi ya Cash na ambacho sasa ni studio ya mwanawe, John Carter Cash. Humo, pamoja na bintiye Patsy, walirekodi karibu nyimbo 100, za zamani na mpya. Sehemu yake ilitoka Machi 2016 katika albamu ya Full Circle, Lynn akiwa na miaka 83. Sauti yake haikuwa imechakaa. Ilikuwa imara, ya juu, yenye lafudhi ya milimani isiyofichwa, kiasi kwamba ukiwa na haraka unaweza kudhani hakuna kilichobadilika.

Kilichobadilika ni nani aliyebaki chumbani. Chukua "Fist City", wimbo wake wa mwaka 1968, ambamo mke anamwonya mwanamke anayemnyemelea mumewe kwamba akiendelea atakiona cha mtema kuni, ngumi zitamfikia. Wakati ule haukuwa mzaha mtupu. Mumewe, Oliver, aliyeitwa Doolittle, alikuwa na mambo yake, na Lynn hakuwahi kuyaficha. Huyohuyo ndiye aliyezunguka naye kwa gari kutoka kituo kimoja cha redio hadi kingine mwaka 1960 wakiwabembeleza watangazaji wapige santuri yake ya kwanza. Alifariki mwaka 1996. Kwa hiyo mwaka 2016 vitisho vilevile vinatolewa na mjane wa miaka 20, kwa ajili ya mume ambaye hayupo wa kunyang'anywa, na kuna kicheko chini ya kila mstari ambacho mwaka 1968 kisingekuwa na mahali pa kukaa. Anauimba kama bibi anayemsimulia mjukuu jinsi alivyokuwa mkorofi. Katika albamu hiyohiyo ameurudia "Whispering Sea", wimbo wa kwanza kabisa aliowahi kuutunga, ambao ulikuwa upande wa pili wa ile santuri ya mwaka 1960. Upande wa pili tena, kama ule wa Rose, na nimeanza kushuku kwamba wakongwe wana sababu ya kuzipenda nyimbo ambazo umma haukuzichosha.

Kiharusi kilimpata mwaka 2017, na mwaka uliofuata akavunjika nyonga. Machi 2021 ikatoka albamu yake ya 50, Still Woman Enough, aliyoishirikisha Reba McEntire, Carrie Underwood, Tanya Tucker na Margo Price, na nikiri kwamba wageni hao wananichosha kidogo. Heshima ikizidi wimbo hugeuka hafla. Ila kuna wimbo mmoja ambao hakumgawia mgeni yeyote. "Coal Miner's Daughter", wa mwaka 1970, ndio wasifu wake: nyumba ya magogo kilimani, baba anayechimba makaa ya mawe usiku kucha, mama ambaye vidole vinamtoka damu kwa kufua. Ni kibao chake kikubwa kuliko vyote, na kwa vyovyote umma ungetaka kuusikia ukiimbwa tena kama ulivyokuwa. Lynn, ambaye albamu ilipotoka alikuwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 89, hakuuimba. Aliusema. Ala zinasikika kwa mbali, na yeye anayapitia maneno yake mwenyewe kwa sauti ya mazungumzo, bila kuvuta neno lolote. Anapofika kwenye viatu vipya vya majira ya baridi, vilivyoagizwa kwa posta kwa fedha za nguruwe aliyeuzwa, anavitaja kama mtu aliyeulizwa mezani vilikuwa viatu gani, kisha anaendelea.